Mzee Gideon Sitienei, Mkaguzi wa Madaraja, 1953–2024

Ndugu, jamaa na marafiki, wachungaji na wazee wetu, nanyi nyote mliofika hapa Kapseret leo Ijumaa tarehe 14 Juni 2024 mkiwa na matope kwenye viatu, Mama Jelagat anawasalimu na kuwaomba mketi msikie habari za mume wake kwa mara ya mwisho, ingawa mliomjua mnafahamu kwamba yeye hakupenda sifa, alipenda mtu aseme alichokiona kwa macho yake, basi.

Mzee Gideon Kimeli Sitienei alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 katika boma hili hili, mtoto wa tatu kati ya saba, akaingia shule mwaka wa 1961 akiwa tayari mkubwa kidogo, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamemhitaji kwanza, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1971, na mwaka wa 1974 akapata cheti cha ufundi wa ujenzi. Tarehe 3 Februari 1975 aliandikwa kazi ya kibarua katika kikosi cha barabara, kazi yake ikiwa kuchota maji ya kukorogea simiti, akapanda ngazi pole pole, haba na haba, hadi mwaka wa 1986 alipofanywa mkaguzi wa madaraja, akakabidhiwa nyundo ndogo, buti za mpira, fimbo ndefu na madaraja mia mbili na kumi na mawili, kutoka Turbo hadi Timboroa, na kushuka kuelekea Kapsabet.

Alimwoa Mama Jelagat tarehe 18 Agosti 1979, na Mungu akawajalia watoto watatu, Chepkirui, Chebet na Vincent, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, pamoja na wajukuu saba. Mama anasema aliolewa na mtu mmoja akaletewa madaraja mia mbili kama wake wenza, maana mvua ikinyesha usiku mzee aliketi kitandani akiyataja moja moja kwa majina, na la mke wake alilikumbuka asubuhi akitaka chai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aligonga simiti kwa nyundo akasikiliza, kwa sababu simiti nzima hulia na iliyooza hukohoa, kisha akashuka mtoni, akachomeka fimbo chini ya nguzo kuona kama maji yamekula msingi, na mwisho akaandika katika kitabu neno moja kati ya matatu, nzuri, wastani au mbaya. Alizoea kutuambia kwamba lori husingiziwa tu, anayeua daraja ni maji, tena huanza chini, mahali ambapo hakuna anayepita.

Familia imekubaliana kwamba jambo linalofuata lisomwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Tarehe 31 Oktoba 1997, wakati wa ile mvua kubwa, alifika katika daraja la Chemorut, hili mlilolivuka leo mkija, akakuta mto umejaa na nguzo hazionekani, akasimama juu, akagonga mara mbili, akaangalia neno aliloandika mwaka uliotangulia, akalinakili. Nzuri. Wiki tatu baadaye, tarehe 21 Novemba, upande mmoja wa daraja ulianguka pamoja na lori la unga la Bwana Guled, mfanyabiashara wa Eldoret, ambaye siku hiyo alikuwa akiendesha mwenyewe, akavunjika nyonga. Kila mtu alilaumu mvua, ofisi ikalaumu mvua, hata Guled mwenyewe aliilaumu mvua, na mzee angeweza kunyamaza, yakaisha.

Hakunyamaza. Alichukua kile kitabu, akaenda nacho hospitalini, akamfungulia Guled ukurasa, akamwambia kwamba hakuziona nguzo na bado aliandika. Guled, ambaye ameketi hapa mbele na bakora yake, anatukumbusha kwamba alimjibu, "Mzee, mvua haikuandika, ni wewe uliandika. Lakini umekuja." Kuanzia siku hiyo wakawa marafiki, na miaka ile ofisi ilipokosa mafuta ya gari, ni Guled aliyempeleka kukagua, naye mzee hakuandika tena neno "nzuri" kwa daraja ambalo nguzo zake hakuzigusa kwa mkono wake.

Chemorut lilijengwa upya mwaka wa 1999, lakini kufikia mwaka wa 2010 maji yalikuwa yameingia tena chini ya nguzo ya upande wetu, akaandika mbaya, akaandika barua, akaandika nyingine, jumla kumi na moja. Tusiwaonee wenzake, watu wachache wenye gari moja hawawezi kutibu madaraja yote yanayougua, na tunajua kuna mengine mabaya kuliko letu. Hata hivyo mzee alijiwekea sheria yake, kwamba gari likifika Chemorut watu wote washuke watembee, gari lipite tupu, hata kama ni mvua, hata kama ni mgeni wa heshima.

Sheria hiyo ilituaibisha, tuseme ukweli. Tarehe 10 Desemba 2011, siku ya harusi ya dada yetu Chepkirui, alisimamisha msafara wote hapo darajani na kuamuru, "Shukeni wote, kila mtu na miguu yake." Chepkirui akamwuliza kutoka dirishani, "Baba, hata leo?" Naye akajibu, "Hasa leo." Bibi harusi akavuka akiwa ameshika viatu mkononi, gauni jeupe likipata matope, wakwe wakicheka na kupiga picha, na dada yetu alikaa karibu miaka miwili bila kuzungumza na baba yake vizuri.

Mzee alistaafu mwaka wa 2013, lakini aliendelea kushuka Chemorut kila baada ya mvua, hadi Machi mwaka jana alipoanza kushindwa kumeza chakula, akapatikana na saratani ya koo. Alipolazwa mwezi uliopita, swali lake lilikuwa moja tu kila siku, kama daraja limetengenezwa. Tulimwonea huruma, na tarehe 2 Juni Vincent akaona heri amtulize, akamwambia limetengenezwa, ni zuri sasa, kwa sababu kweli kingo zilikuwa zimepakwa rangi mpya, nyeusi na nyeupe. Mzee akafungua macho, akauliza kwa sauti iliyobaki, "Umeona nguzo?" Vincent akasema bado. "Basi usiseme nzuri." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mwanawe, kwani jioni hiyo sauti ilikauka kabisa, na Alhamisi tarehe 6 Juni, saa kumi na moja asubuhi, akatutoka, na inatuuma kwamba aliondoka akilisubiri hilo daraja.

Juzi Jumatano Vincent alivaa zile buti za mpira, ambazo zinambana, akashuka mtoni na ile fimbo, na fimbo ikaingia chini ya nguzo hadi mahali pa kushikia. Leo asubuhi gari lililombeba mzee lilipofika Chemorut, Chepkirui ndiye aliyelisimamisha, akawaambia watu washuke, na dereva akamwuliza kwa upole, "Madam, hata maiti?" Dada yetu, huku machozi yakimtoka, akasema, "Hasa leo," akavua viatu, akatangulia. Kwa hivyo mlioshangaa kuona jeneza likivuka mabegani na gari likifuata tupu, na Bwana Guled akivuka na bakora bila kukubali kushikwa mkono, sababu ndiyo hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza hata pale dawa iliposhindwa, majirani waliokamua ng'ombe wetu wiki nzima bila kuombwa, Bwana Guled na jamaa yake walioleta hema na sukari, pamoja na wenzake wa ofisini wakiongozwa na mhandisi Bi. Adoyo, ambaye ameketi mstari wa pili, na ambaye tunamwomba asiondoke kabla ya kukabidhiwa kitabu cha mzee, kwani kuna ukurasa mmoja ulioandikwa Jumatano kwa mwandiko usio wake. Mkirudi, tafadhali mshuke darajani, na wazee washikwe mkono.

Pumzika kwa amani, Baba. Nguzo tumeziona, na hatukusema nzuri.