Mugongo Chini, Macho Juu: Madame Kaswera Anaachilia Kamba

Jumamosi hii, tarehe 5 Julai 2003, Madame Kaswera Rébecca anaweka chini chaki aliyoishika miaka thelathini na mitano. Alianza kufundisha Luofu mwaka 1968, msichana mwembamba sana, hata wazazi walipofika shuleni walimuuliza mwalimu mwenyewe atakuja saa ngapi. Anamalizia hapa Institut Nyota ya Mulima, Bulengera, mjini Butembo, akiwa mama ambaye préfet, mkuu wetu wa shule, humwamkia kwanza. Niliombwa niyaweke maisha yake kwenye ukurasa mmoja wa programu. Nimejaribu, ukurasa umenishinda, nikaongeza mwingine. Wenye njaa wavumilie kidogo, sombe imeshaiva na haiendi popote.

Baada ya Luofu alikwenda kusoma Bukavu, akarudi na diploma ya fizikia na tabia ya kusema ukweli mapema asubuhi. Shule yetu ilimpokea mwaka 1975 na kumpa maabara yenye meza moja, mizani moja, na kabati ambalo ufunguo wake haujaonekana hadi leo. Kwa mizani ile alifundisha vizazi viwili. Wamo kati yenu, na nawaona mnavyokaa wima nikimtaja.

Mwishoni mwa mwaka 1996, vita ilipotufikia mara ya kwanza, kila mtu alikimbia na alichokipenda. Wengine walibeba godoro, wengine mbuzi. Mimi nilibeba redio isiyo na betri. Madame aliingia maabara, akaifunga mizani kwenye kitenge, akaibeba mgongoni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alitaka kumwona mtoto. Madame akamjibu kwa sauti ya chini kwamba mutoto iko na homa, amelala sasa hivi, na akiamka utamubembeleza weye. Askari akampisha. Mizani ilirudi shuleni baada ya majuma machache bila hata mkwaruzo, na wanafunzi wakaipa jina la Kitinda-mimba.

Kuna desturi yake moja ambayo wote mnaikumbuka. Mwanafunzi aliyechelewa hakupigwa wala hakufukuzwa. Alisimama mbele ya darasa aeleze mbingu ya asubuhi hiyo. Madame alisema, umechelewa, basi ulikuwa na nafasi ya kutazama. Tuambie mawingu yalikuwaje. Wavivu walijifunza kusema vizuri sana. Kakule wa mwaka wa nne aliwahi kueleza ukungu wa bondeni hata darasa zima likatamani kuchelewa.

Halafu ikaja miaka mibaya zaidi, na Madame akagundua jambo. Wachelewaji walisimama mbele wakanyamaza. Hawakuwa wameona mbingu. Walikuwa wametembea macho kwenye vichaka, kwenye kona ya barabara, kwenye viatu vya mtu aliyekuja mbele. Walijua idadi ya wenye bunduki njiani, lakini hawakujua kama kulikuwa na jua. Siku hiyo aliingia kwenye chumba cha walimu, akakaa bila kuvua koti, akasema: “Batoto habaangaliake tena juu.” Hakunywa chai yake. Mimi niliinywa, lakini na mimi niliona uchungu.

Ndivyo ilivyozaliwa klabu yetu ya roketi, fusée kama batoto wanavyosema. Baruti ilikatazwa na waliotawala mji kwa silaha, na Madame mwenyewe hakuitaka. Alichukua chupa kubwa za soda zinazopita mpaka wa Kasindi, akazikatia mabawa ya karatasi ngumu, akatia maji kidogo, kisha hewa kwa pompe ya baiskeli. Hewa ikijaa, mtu anavuta kamba, kizibo kinaachia, chupa inapanda na mkia wa maji. Walisikia hadi mji wa Beni, shule moja ya kule ikaunda timu yake, na tukapanga siku ya mashindano: Jumamosi, siku tunayoiita posho, mwezi wa pili mwaka 2001, kwenye kilima cha malisho nyuma ya shule.

Aliyekuwa na neno ni Papa Abdias, mfanyabiashara wa sabuni na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Binti yake Orpa ndiye aliyekuwa kapteni wa timu yetu. Mama yake Orpa alikufa sokoni mwaka 1998. Gurudumu la lori lilipasuka, watu wakadhani ni bombe, wakakimbia wote, naye akaanguka katikati yao. Risasi haikuwepo siku hiyo. Kilichomuua ni mbio za majirani zake. Kwa hiyo Papa Abdias aliweka sharti moja, na hakuna aliyethubutu kumbishia: kishindo cha chupa kikimkimbiza hata mtu mmoja, klabu inafungwa hapo hapo, na Orpa haingii tena maabara. Madame alikubali. Alirudi nyumbani bila kujua mtu anawazuiaje watu wa Butembo kukimbia.

Alifanya alichoweza. Padri alitangaza kwenye misa, imamu alitangaza msikitini, wanafunzi wakapita Bulengera nzima na megafoni: “Kesho mutasikia kishindo. Ni maji. Hapana kimbia.” Timu ya Beni ililetwa na Hadji Muyisa, msafirishaji wa kule, juu ya lori lake kati ya bidon za mawese, wala hakutaka asante. Kapteni wao Esdras alikumbatia roketi yao ya kijani njia nzima, kama mtu anayepeleka kuku kwa wakwe. Kwenye kila barrière askari waliichukua, wakaitikisa, wakainusa, wakamrudishia.

Watu walijaa kilimani. Walikuja wa mji, walikuja wakimbizi wa Eringeti, walikuja wakubwa wenye tai, na askari wawili waliotumwa kutuangalia. Timu yetu ilianza. Orpa akapampu roketi ya njano. Madame akasimama pembeni na kamba mkononi. Batoto wakahesabu kurudi nyuma, tano, ine, tatu, mbili, moja, naye akavuta. Ikalia paa.

Nilipofungua macho niliona majani, karibu sana. Kilima chote kilikuwa kimelala kifudifudi. Hakuna aliyekuwa ameamua. Mwili ulishajifunza na haukungoja ruhusa. Préfet alikuwa chini, ingawa nilimtangulia. Wale askari wawili walitutangulia sote. Matone ya maji yakatuangukia mgongoni, na mzee mmoja karibu yangu akapapasa shati lake, akakuta limelowa, akaanza kuaga watoto wake kwa majina. Papa Abdias alikuwa amemlalia Orpa, amemfunika mwili mzima. Roketi ilipanda, ikasimama juu, ikarudi, ikadondoka kwenye mikaratusi. Orpa aliyeitengeneza hakuiona.

Mtu mmoja tu alikuwa amesimama. Madame alikuwa bado ameshika kamba, uso juu, maji yanamchuruzika kwenye miwani. Amini usiamini, alikuwa anatabasamu peke yake katikati ya watu waliolala kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

Papa Abdias akainuka, akamwinua binti yake, akamfuta majani usoni. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema: “Madame, inatosha. Habakukimbia, ni kweli. Mais lakini angalia batoto.” Tukaangalia. Wadogo walikuwa bado wamelala, mikono masikioni, na mmoja alikuwa ameng'ata jani asitoe sauti. Orpa alikuwa bado ameshika pompe. Esdras alianza kuifunga roketi ya kijani kwenye gunia.

Hapo ndipo Madame Kaswera alipofanya kazi yake ya miaka thelathini na mitano kwa muda mfupi sana. Alimjibu Papa Abdias mbele yetu sote: “Papa, nimeiona miye peke yangu. Kitu kizuri ukikiona peke yako, ni kama umekiiba. Sitaki kuzeeka mwizi.” Kisha akageukia kilima: “Hapana simama. Mwili imezoea kulala, tuache ilale. Mais mugeuke. Mugongo chini, macho juu.”

Hakuna aliyegeuka. Msitushangae. Miaka ile mtu wa kulala chali mchana ulimkuta kando ya barabara, na ulimfunika. Ukilala kifudifudi, ulikuwa umejificha. Ukilala chali, ulikuwa umekwisha. Upepo ulipita kwenye majani, na Madame akangoja, kamba mkononi, kama anavyongoja jibu darasani, bila kumsaidia mtu.

Papa Abdias alimtazama Orpa. Akavua kofia, akaiweka kwenye nyasi. Akaketi. Halafu, na shati lake jeupe la misa, akalala mgongo chini, mikono kando, koo wazi. Machozi yalikuwa yanamtoka kuelekea masikioni na hakuyafuta. Hadji Muyisa akalala karibu naye. Wakafuata kina mama, wakafuata batoto, kila mmoja akigeuka polepole. Préfet alilala, tai yake ikapepea ikamziba mdomo, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyomwona hana la kusema. Askari mmoja aliuliza bunduki aiweke wapi. Aliambiwa aiweke mbali, akaiweka mbali.

Esdras akafungua gunia. Tano, ine, tatu. Kishindo kikalia, na kilima kizima kikashtuka mara moja chini ya migongo yetu, niliisikia ardhi ikitetemeka. Lakini macho yalikuwa tayari juu, hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Chupa ya kijani ilipanda na mkia mweupe, ikapanda bado, ikawa nyembamba, jua likapita ndani yake. Ilipofika mwisho wa nguvu zake ilisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Halafu ikageuka, ikaanza kurudi bila haraka, na maji yakatufikia kabla yake, mepesi, usoni, kwenye midomo. Mtoto mmoja akacheka. Kicheko kikaenda mtu kwa mtu hadi chini ya kilima.

Ikafuata ya Orpa, iliyookotwa kwenye mikaratusi. Safari hii Madame alipovuta kamba, Orpa alijitupa chini pembeni ya baba yake, akaiona roketi yake ya njano tangu ilipoondoka hadi iliporudi. Papa Abdias alimshika mkono. Nilikuwa karibu na nilimsikia akisema neno moja tu kwa Kinande, jina la marehemu mke wake.

Ilipokwisha, hakuna aliyeamka. Tulibaki pale. Mawingu yalikuwa yanatoka upande wa Beni, makubwa, yanapita bila kuulizwa karatasi kwenye barrière yoyote. Nilikuwa nimesahau kwamba yanakwenda. Mama mmoja wa Eringeti alisema tangu aache shamba lake hajalala mchana, na kabla hajamaliza kusema alisinzia, mdomo wazi, na mtoto wake akamwekea mkono kwenye macho kumkinga jua. Sijui tulikaa muda gani. Ilikuwa vita pande zote, na kilima kizima cha watu kilikuwa kinatazama mawingu kama wachelewaji.

Washindi hawakujulikana. Waamuzi walikuwa wamepewa rapporteur, kipimapembe cha shule, yenye uzi wa kupima urefu, na wote walikuwa wamelala juu ya vifaa vyao wakicheka. Mmoja alitoa matokeo ya roketi zote mbili pamoja na ya ndege aina ya mwewe. Kwa kuwa kombe halikupatikana mjini, zawadi ilikuwa thermos ya chai, na Madame akaamua ikae Beni nusu mwaka na Butembo nusu mwaka. Hadi leo inasafiri juu ya lori la Hadji Muyisa, na haijawahi kufika ikiwa na chai ya moto.

Mwaka jana tulienda Beni, mwaka huu walikuja kwetu. Siku hizi hakuna anayehitaji kuambiwa: wageni hufika na mikeka. Orpa amemaliza masomo na diploma, na kuanzia Septemba atashika maabara, kabati na Kitinda-mimba. Papa Abdias hajakosa siku hata moja. Wanafunzi wanaochelewa wameanza tena kutueleza mawingu, na wengine, nasema bila kutaja majina, wanachelewa makusudi.

Lakini nimefanya uchunguzi wangu, na nimegundua jambo ambalo Madame hakutaka liandikwe. Chupa ikijazwa hewa kupita kiasi inaweza kupasuka. Kwa hiyo tangu roketi ile ya kwanza, chupa moja ikiwa angani nyingine ilikuwa inajazwa, na macho yake hayakuondoka kwenye pompe na vidole vya batoto. Roketi iliyopanda peke yake, sisi tukiwa na pua kwenye majani, ndiyo pekee aliyowahi kuiona siku za mashindano. Nyingine zote amezijua kwa matone yaliyomwangukia shingoni. Ametulaza sisi sote chali, mji kwa mji, naye hajalala hata mara moja.

Kwa hiyo programu imebadilishwa. Baada ya hotuba, kabla ya sombe, tunaomba wote mtoke hadi kilimani. Orpa atapampu. Kamba atavuta Papa Abdias, ambaye ameniambia bado anaogopa kishindo na ataivuta hivyo hivyo. Mkeka mmoja umetandikwa mbele, na walimu wote tutasimama kuuzunguka, macho kwenye pompe, ili mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama juu.

Madame Kaswera, tunakushukuru, wasingya, kwa chaki, kwa mizani, kwa mbingu uliyoturudishia. Tunakuombea miaka mirefu ya asubuhi zisizo na kengele, miguu yenye afya, na wajukuu wachelewaji.

Sasa vua viatu, Mama. Ni zamu yako kulala.

Kambere, mwalimu wa jeografia