Mama Kivuli na Mtaa Aliousubiri Uwe Mtupu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi ya Wageni ya mji wa kale, mpigapicha wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Kivuli, anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kukata tiketi. Alikabidhiwa kamera kwa sababu mpigapicha wa wakati huo aliacha kazi ghafla, na yeye peke yake ndiye aliyejua filamu inavyowekwa.

Jina hilo alipewa na walinzi wa lango. Kila asubuhi aliwakusanya wageni barazani na kuwafundisha namna ya kuupiga picha mji, na somo la kwanza lilikuwa kivuli. Tokeni jua likiwa bado chini, aliwaambia, kuta zitawaonyesha kila kovu. Saa sita mchana nendeni mkale. Lenzi futeni kwa kitambaa laini, si kwa pindo la shati. Mlango mrefu upigeni mkiwa mmepiga goti. Na kabla ya kurudi nyuma, geukeni. Hilo aliliongeza baada ya profesa mmoja mnene kutumbukia mtaroni huku ameinua kamera juu. Kamera ilitoka kavu. Mama Kivuli alimpongeza kwanza, ndipo akamvuta.

Kadi za posta, vipeperushi na kalenda za ofisi hii ni kazi ya mikono yake. Kitabu chake cha milango kimechapishwa mara nne.

Lilikuwepo somo jingine, na mwenyewe ametuomba tuliandike bila kulipaka asali: subirini watu wapite. Aliamini mtaa wa kale hupendeza ukiwa mtupu. Wenyeji wakikawia kupita, aliwaomba wasogee. Aliyeombwa kuliko wote ni fundi cherehani wa mtaa wa juu, aliyefanyia kazi mbele ya mlango mzuri kupita yote.

"Fundi, nisogezee kidogo."

Fundi alikuwa akiinua cherehani yake, pini zimebanwa mdomoni. "Leo wanihamishia wapi, Mama Kivuli? Nikifika mpakani uniambie!"

Miaka sita iliyopita nyumba za mtaa ule zilifungwa kwa matengenezo, na wakazi wakapewa vyumba pembezoni mwa mji. Nyumba zilipona, zikageuzwa za kulaza wageni. Wakazi hawakurudi. Fundi alifia kule, mwaka juzi.

Miezi michache baadaye binti yake alikuja ofisini kuomba picha moja tu ya baba yake akiwa kazini. Nyumbani walikuwa na ile ya kitambulisho, basi. Sote tuliona ni jambo dogo. Mama Kivuli alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akafungua makabati. Walipekua pamoja hadi ofisi ikafungwa. Mlango ulikuwepo, kwa pande zote, asubuhi, alasiri na baada ya mvua. Katika picha kadhaa alikuwepo paka, kalala kizingitini.

"Hata paka mmempiga," binti alisema. "Baba yangu aliwakosea nini?"

Kesho yake Mama Kivuli alilifuta somo lile kwenye ubao wa barazani. Kisha akaanza kuwaandikia wageni wa zamani, kila ambaye anwani yake tulikuwa nayo, akiwauliza kama wana picha yoyote ya fundi. Wengi walijibu kwa heshima kwamba hawana: walifuata ushauri wake, wakasubiri.

Picha iliyopatikana ni moja. Ilitoka kwa mama mmoja aliyekiri kwamba siku ile alichelewa kuamka, somo likampita. Imepinda, jua limeingia kwenye lenzi, kidole kimeziba kona. Katikati yupo fundi, amesimama, kaikumbatia cherehani, anacheka na pini mdomoni. Ukingoni kuna mkono wa Mama Kivuli unaomwonyesha aende kando.

Mama Kivuli alijitolea kuukata mkono ule kabla ya kuisafisha picha.

"Uache, Mama," binti alimwambia. "Mkono huo usipokuwepo, nani atajua alikuwa anacheka na nani?"

Picha ikatoka kama ilivyo. Binti aliondoka nayo. Mama Kivuli mwenyewe hakubaki na nakala.

Kuanzia Julai atakuwa akienda kule pembezoni, nyumba kwa nyumba, kuwapiga picha waliobaki wa mtaa ule. Wengi ni wazee, na baadhi ya milango atabisha pasiwe na wa kumfungulia. Analijua hilo. Tulipomwambia kwamba heri kuchelewa kuliko kukosa kabisa, alisema hiyo ni methali ya aliyechelewa.

Mama Kivuli, asante kwa kazi yako yote, pamoja na ile unayoijutia. Tunakuombea afya, miguu isiyochoka, na kila utakapobisha hodi, umkute mtu.