Elsie Jumwa, Aliyetaka Kila Utafiti Usomwe Mbele ya Wenyewe

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Kiorma mliovuka mto tangu alfajiri, walimu mliotoka Nairobi, kaeni mtulie, na wewe unayelia kule nyuma upunguze kidogo, maana nasoma mara moja tu. Mimi ni mama mzazi wa marehemu. Ukoo ulitaka mjomba wake asome, lakini mjomba angemfanya malaika, na huyu hakuwa malaika, alikuwa mwalimu.

Marehemu Elsie Jumwa alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 hapa kijijini, karibu na Garsen, mtoto wa pili kati ya watano, akaanza shule ya misheni mwaka 1959, akaendelea na sekondari Mombasa, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikohitimu sheria mwaka 1976. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo msiniulize alisomeshwa nini hasa, ninachojua ni kwamba alirudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo.

Alianza uwakili Hola mwaka 1977, na huko akaona kesi inakwisha mahakamani halafu ugomvi unarudi nyumbani kwa miguu yake, basi mwaka 1984 akaacha, akaenda kufundisha chuoni, akawa anachunguza sheria inavyoishi kwa watu, siyo inavyolala vitabuni. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu Jefwa, mume mpole, na ilibidi awe mpole, wakajaliwa mabinti wawili, Sidi na Truphena.

Kuanzia mwaka 1990, kila likizo ndefu, alileta Garsen watafiti wachanga, vijana wenye digrii mpya na viatu vya kung'aa, akawapangia nyumba nyuma ya soko, na mwezi wa kwanza akawakataza kumuuliza mtu swali lolote, wachote maji, wakae kwenye baraza la wazee, wakae mahakamani, wanyamaze. Mmoja alikuja kunilalamikia ati hakusomea kubeba mtungi, nikamwambia, "Basi mwanangu, kunywa digrii." Yuko hapa leo, anafundisha chuoni, na jana alichota maji ya msiba bila kuambiwa.

Wakishaandika, Elsie hakuruhusu karatasi hata moja iende Nairobi kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya watu walioandikwa, kwa lugha wanayoielewa, na anayeona ameandikwa vibaya aseme hapo hapo. Nimewaona wasomi wakitokwa jasho kuliko wanaolima mpunga. Wengine walifuta walichoandika, wengine walishikilia wakasema nilichokiona ni hiki, na Elsie aliwapenda wote, ambaye hakumpenda ni mwoga tu.

Sasa nawaambia habari ya Muna, binti wa Kiorma wa hapa hapa, mwanafunzi wake wa mwisho, kwa sababu bila yeye historia hii haijaisha. Mwaka jana Muna alichunguza malka, zile njia za ng'ombe kufika mtoni katikati ya mashamba, na makubaliano ya wazee juu yake, akakuta kwamba katika ukame yalivunjwa, na mmoja wa waliovunja ni Mzee Halake, baba yake mdogo aliyemlea. Akamjia Elsie kwangu, akitaka kuipeleka kazi chuoni kimya kimya. Elsie akamjibu mbele yangu, "Jina tutawaficha wageni, lakini hapa kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani. Kama huwezi kumsomea, usimwandike."

Usomaji ulipangwa Novemba, kule Wenje, lakini mvua zile mnazijua, mto ulimeza barabara, na maji yalipopungua Elsie alikuwa tayari mgonjwa wa figo. Alilazwa Malindi tangu Februari, na kila niliposhika mlango wa wodi hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza, "Muna amesoma?" Nami nikamwambia bado. Alifariki Jumamosi tarehe 20 Juni 1998, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Juzi Muna akaniambia ataituma tu, kwa kuwa mwalimu hayupo. Nikamwambia, mwalimu hayupo, baba yako mdogo yupo. Nikamwendea Mzee Halake pia, sikumficha kilichoandikwa, akasema, "Nimekuja kuzika, na masikio nimekuja nayo." Asubuhi hii yeye mwenyewe amevuta kiti akakaa karibu na binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala kwenye mikeka, walimu wenzake, na vijana wake wote.

Kazi iliyobaki itasomwa Wenje. Leo ni ukurasa mmoja, ule unaomhusu mzee. Elsie hakuruhusu karatasi iondoke kabla haijasomwa, na mimi simruhusu yeye aondoke kabla hajaisikia. Utalala salama, mwanangu, lakini kwanza sikiliza.

Muna, simama usome.