Kikombe Hakiombwi Mara Mbili

Benchi letu liko mbele ya duka la Fundi, mshona nguo, na lina desturi yake: ukishamwomba Birika, muuza kahawa wetu, mara moja, huombi tena. Kikombe kikiisha anakijaza mwenyewe, na anayemkumbusha anaitwa mroho mpaka watu watawanyike. Jioni ile Birika alikuwa anajaza kama kawaida, ila kikombe cha Fundi kilikuwa kimepoa hakijaguswa. Binti yake alikuwa amerudi asubuhi na begi lake lote, katikati ya muhula. Yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na sisi tulishaanza kumwita Nesi tangu siku alipopata nafasi. Hakuna aliyejua pa kuanzia, na kijiwe kikikosa pa kuanzia, huanza Redio.

Redio: Fundi, mtoto kaja likizo?

Fundi: Likizo gani. Ufadhili wa ada umekatika. Kumbe unaombwa upya kila mwaka, na tarehe ya mwisho imeshapita.

Redio: Upya? Si walishampa?

Fundi: Walimpa wa mwaka wa kwanza.

Wakili: Hapo pana kesi, ndugu zangu.

Wakili hajasomea sheria. Anauza soda nje ya mahakama, na maneno mengine humwingia.

Wakili: Kimya ni ridhaa. Wao kimya, mtoto kimya, basi wameridhiana. Mkataba unaendelea.

Fundi: Wao hawakukaa kimya. Walituma ujumbe, wakarudia.

Wakili: Ndiyo nasema! Debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye nia ya kukupa hakupigii kelele.

Redio: Apeleke maombi hata kesho. Kawia ufike.

Fundi: Hawapokei tena. Arudi mwakani, kama nafasi itakuwepo.

Fundi aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. Mtu huyu huwa anatutania mpaka tunakimbia benchi, na kumwona vile kuliniuma.

Redio: Mimi naijua siri yao. Wanaohukumu si watu, ni kompyuta, na inaangalia picha. Nesi kwenye picha ya maombi alikaaje?

Fundi: Alikuwa anacheka.

Redio: Basi! Kompyuta ikasema huyu anacheka, hana shida.

Fundi: Alikuwa na furaha, Redio. Alikuwa anakwenda chuo.

Wakili: Na hiyo tarehe ya mwisho si yenyewe. Yenyewe wanaijua watoto wa wakubwa. Hii tunayopewa sisi ni ya kutuzuga.

Redio: Halafu ukiwahi sana nayo ni kosa! Wanasema huyu ana pupa. Ukichelewa, wanasema hana haja. Inabidi uombe ile dakika kompyuta inapopumua.

Kuna aliyecheka kidogo, akaacha. Birika aliweka birika chini. Huyu huwa haongei, kazi yake kumimina.

Birika: Fundi, huo ujumbe ulikuja kwa nani?

Fundi: Kwangu. Wakati anaomba mara ya kwanza hakuwa na simu, tukaandika namba yangu.

Birika: Ukaufanyia nini?

Fundi: Niliusoma hapa hapa.

Benchi zima likakumbuka. Alikuwa amekaa palepale, simu kaiweka mbali na macho, anasoma kwa sauti, na sisi tukampa majibu kwa mpigo kama watu wanaolipwa. Niliona haya, nikakishika kikombe changu kwa mikono miwili.

Wakili: Ujumbe ule haukuwa wazi. Mwomba chumvi huombea chungu chake, lakini...

Methali ikamwishia hapo. Mlango wa duka ulifunguliwa, akatoka Nesi. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, na vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi. Kumbe tangu mchana alikuwa ndani anapinda suruali za wateja. Kila akija likizo Wakili humnyooshea mkono ampime mapigo. Mkono ulianza kunyanyuka, akaurudisha mapajani.

Nesi: Shikamooni.

Tukaitikia kwa sauti ndogo.

Nesi: Baba, samahani. Nina jambo moja tu.

Fundi: Sema, mwanangu.

Nesi: Nilipokupigia simu nikakwambia wenzangu wanaomba upya, uliniambia nisubiri, utauliza. Kesho yake ukanijibu, "Wamesema wewe ulishapewa. Ukiomba tena utaonekana mroho, watakunyang'anya hata ulichonacho." Si ndiyo?

Fundi: Ndiyo.

Nesi: Wenzangu walinishangaa. Nikawaambia baba yangu amekwenda kuuliza ofisini.

Fundi alivitazama tena viatu vyake.

Nesi: Sikulaumu, baba. Nataka kujua tu. Waliosema ni akina nani?

Hakuuliza kwa ukali. Alitutazama mmoja mmoja akingoja, kama mtoto aliyefundishwa kuwasikiliza wakubwa. Redio, ambaye hana swali lililowahi kumshinda, alikuwa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye goti. Wakili alifumba macho.

Birika alichukua birika lake, akasimama mbele yetu. Vikombe vilikuwa vitupu, isipokuwa kile cha Fundi. Tangu nianze kukaa benchi lile sijawahi kumsikia akiuliza kabla ya kujaza, lakini jioni ile aliuliza.

Birika: Nani anataka?

Hakuna aliyenyoosha kikombe.