Risasi ya Mshairi

Msusi alijifanya amesinzia dirishani mwa treni, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele. Mshairi alikuwa anamsomea mama wa askari shairi la hafla ya kumbukumbu ya mwanawe aliyefia vitani, ambako wote wawili walikuwa wanakwenda.

“Hapa anaanguka, bendera mkononi, anatabasamu.”

“Baba, mwanangu aliuawa na kuhara. Walikunywa maji ya dimbwi. Liseme hilo, wenzake waliobaki wapelekewe maji safi.”

“Mama yangu, kuhara kutaniharibia shairi. Nimeshampa risasi ya kifua.”

“Risasi yako kaa nayo!”

Msusi alibana kicheko, kikamtokea puani.

Treni ikasimama. Waandalizi wa hafla wakamkimbilia mshairi na chupa ya maji baridi, asije akakaukiwa koo. Mama akaitazama ile chupa mpaka ikaisha.