Kreti ya Sita ya Mlango wa Nyuma

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Shangazi anavua aproni yake baada ya miaka ishirini na nane na miezi mitatu ya kazi katika mgahawa huu. Kwa muda wote huo amechelewa mara moja tu, siku mvua ilipobeba daraja, na hata siku hiyo alifika kabla ya karoti.

Wateja wetu wengi hawamjui kwa sura. Wanawajua wahudumu, wanamjua mpishi mkuu kwa sauti yake inayopenya ukuta, na mimi wa kaunta wananijua kwa sababu ndimi ninayewapokea na kuwaonyesha meza. Shangazi kituo chake ni mlango wa nyuma, pale mboga zinapoingilia. Mgahawa wetu ni wa Kihindi, haupiki nyama, samaki wala yai, na umewaahidi wateja kwamba kila kitu kilichomo sahanini kimelimwa bila dawa wala mbolea ya viwandani. Ahadi hiyo imeandikwa ukutani kwa rangi nzuri sana. Lakini rangi haina ulimi, na aliyeitunza ahadi yenyewe ni Shangazi.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Aliletwa kwa siku tatu amenye vitunguu saumu, wakati tajiri wetu wa sasa alipokuwa anaoa na jiko limezidiwa. Siku ya pili likaja gunia la matango yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Mama wa tajiri, Bibi aliyeanzisha mgahawa huu, alimkuta Shangazi anayarudisha kwenye gari bila kutumwa na mtu. Alipoulizwa akajibu kwamba yananuka duka la dawa. Bibi akanusa moja, akaingia ndani. Kesho yake akampa kisu kidogo chenye mpini wa mti na kumwambia kuanzia leo mlango huu ni wako. Vitunguu saumu vikatafutiwa mtu mwingine, na zile siku tatu ndizo tunazozimaliza leo.

Kazi yake tumeitazama kwa miaka, na bado hatuiwezi. Mboga zikishushwa, hagusi mizani. Anageuza jani kwanza, anatafuta tundu. Asipoliona tundu hata moja anaanza kushuku, maana, kwa maneno yake, mdudu akikataa kula, yeye ni nani akubali. Kisha anakata kipande, anakisuuza kwenye bakuli la maji, anakitafuna taratibu huku amefumba macho. Hapo jikoni visu vyote husimama. Akisema "Haya," mboga zinaingia. Akisema "Rudi nazo," zinarudi, na hakuna rufaa. Mpishi mkuu hana budi kuchukua chaki na kuandika kwenye ubao wa mbele kwamba leo hakuna bilinganya, au leo hakuna bamia. Kuna Jumanne moja ubao ulikuwa na "hakuna" saba. Wateja walikula dengu, wali na achari ya ndimu, wakanung'unika, wakaomba waongezewe. Mpishi mkuu ndiye aliyelala na kichwa kikimuuma.

Katika miaka hiyo yote Shangazi alitokea ukumbini wakati wa kazi mara moja tu. Mama mmoja alikuta kiwavi mzima, tena mwenye afya, anatembea juu ya kotimiri iliyopambwa kwenye sahani yake. Mhudumu alitaka kuzimia. Shangazi alikuja na kisu chake mkononi, jambo ambalo halikusaidia kutuliza mambo, akamtazama kiwavi, akampa yule mama mkono wa hongera. Akamweleza kwamba huyo ndiye mkaguzi mkuu wa mgahawa, na kwamba yeye mwenyewe ni msaidizi wake tu. Yule mama alicheka hadi akafuta machozi, na mpaka leo yupo mezani kila Alhamisi. Nisichowahi kumwambia mtu ni kwamba baadaye nilimkuta Shangazi stoo analia, kwa kuwa kiwavi yule alimpita machoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wote tunalijua na hakuna aliyekuwa analisema. Spinachi yetu zamani ililetwa na kaka yake Shangazi, mkubwa wake kwa tumbo moja, aliyekuwa analima shamba walilorithi kwa wazazi wao. Ilikuwa spinachi ya sifa. Ikipikwa kwa samli na vipande vya jibini, watu walikuwa wanapangusa sahani kwa chapati mpaka maua ya sahani yanaonekana.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa na karamu ya harusi ya watu themanini, na waliagiza spinachi hiyo kwa jina. Kaka akaja asubuhi na kreti sita. Majani mapana, ya kijani kibichi, hayana hata doa. Samli ilishaanza kuyeyuka. Shangazi aligeuza jani la kwanza, akageuza la pili, akatafuna, akatema kiganjani. Akamuuliza kaka yake alipiga dawa lini. Angeweza kudanganya, maana ni yeye na shamba lake tu waliojua. Hakudanganya. Alisema Jumatatu, kwamba viwavi walikuwa wanamaliza shamba lote na harusi ya watu iko karibu. Shangazi akasema, "Rudi nazo, Kaka."

Watu themanini walikula boga siku ile. Kaka alipakia kreti zake peke yake, hakutaka kusaidiwa, na kwa haraka na hasira akapakia tano. Kabla ya kuondoka alisema mbele yetu sote kwamba kwenye mlango huu yeye hana dada. Shangazi akasuuza kisu, akapokea karoti zilizofuata, akasema "Haya." Nilimpelekea chai stoo. Ilipoa pale pale juu ya gunia la dengu.

Ile kreti ya sita, yenye mstari wa rangi ya kijani ubavuni, aliigeuza chini juu akaiweka kando ya mlango. Ndiyo kiti chake tangu siku hiyo. Tajiri alimnunulia kiti chenye mto, kikaishia kukaliwa na paka. Mtu akitaka kuitumia kreti ile kubebea nyanya, anaambiwa ina mwenyewe na mwenyewe ataifuata. Misibani na kwenye sherehe za ukoo ndugu hawa wawili walisalimiana kama watu wa foleni moja. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi hapa tulilima miaka kumi na moja.

Barua ya kustaafu ilipotoka, nilimuuliza Shangazi angependa apewe nini. Alisema hana haja ya kitu, ila kuna jambo moja linamkaba: kwamba ataondoka mlangoni na kreti itabaki. Nikajitia kimbelembele, nikapendekeza tumpelekee kaka mwaliko wa leo. Akakataa. Alisema mtu akija kwa ajili ya keki, basi amekuja kwa keki. Nikapendekeza basi tuanze tu kununua tena spinachi yake kimya kimya, iwe ilivyo. Shangazi alinitazama mpaka nikakumbuka kwamba nina kazi kaunta.

Ratiba hii ya kumuaga, mliyoishika mkononi, ilipaswa kuchapwa Jumatano. Niliichelewesha bila sababu ya maana, na tajiri alishaanza kuniuliza. Jana Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, gari likarudi nyuma hadi mlangoni na akashuka mzee mwenye mvi, viatu vina udongo. Akashusha kreti tano zenye mstari wa kijani, halafu furushi moja la spinachi lililofungwa kwa kanga kuukuu, kwa kuwa kreti ya sita hakuwa nayo. Alisema aliacha dawa mwaka ule ule, kwamba udongo ulimsumbua miaka mingi hadi ukakubali samadi na mboji peke yake, na kwamba angekuja baadaye kidogo, ila amesikia mpimaji anaondoka. Hakutaka kupimwa na mtu mwingine.

Shangazi hakumkumbatia. Nasema hivi ili msije mkadhani mlango ulifunguka kwa sababu ya damu. Alisimama, akageuza jani. Lilikuwa na matundu kama chujio. Akakata, akasuuza, akafumba macho, akatafuna. Visu vikasimama. Mpishi mkuu, mtu anayepigia kelele hata maji yanayochemka, alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili. Shangazi alitafuna muda mrefu kuliko siku zote, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anatafuna, lakini hakuharakisha. Kisha akasema, "Haya, Kaka."

Ndipo alipoigeuza ile kreti, akaifuta vumbi kwa aproni yake, na kaka yake akafungua kanga akaijaza. Wakaibeba pamoja hadi jikoni. Njiani kaka alimwambia, "Umezeeka, mdogo wangu, lakini ulimi wako bado mkorofi."

Kile kisu chenye mpini wa mti amekabidhiwa dada anayepima mboga kwenye mizani, ambaye tangu Jumatatu anatafuna kila kinachopita mbele yake, pamoja na vitu ambavyo si mboga. Tutamvumilia. Shangazi amekula chumvi nyingi, ingawa mpishi mkuu anadai chumvi yote hiyo ilikuwa yake, na hata Shangazi mwenyewe alianza na vitunguu saumu.

Kwa hiyo, wageni wetu, spinachi iliyo mbele yenu leo mnajua ilikotoka. Mkikuta kiwavi, mpeni mkono.

Nawe Shangazi, tunakushukuru kwa kila ulichokirudisha, kwa sababu ndicho kilichotufanya tuamini kila ulichokiingiza. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na gari la karoti, na chakula ambacho safari hii ameshakionja mtu mwingine. Kreti imekwenda na mwenyewe, na kule nyuma huna tena pa kukaa. Tumekuandalia meza ya dirishani huku mbele, viti viwili. Kimoja kaka yako ameshakikalia, tena aliingia kwa mlango wa mbele. Karibu ukae.