Dantele ya Chancelvie

Benchi la kahawa la Mama Rehema liko mtaa wa Katuba, chini ya dirisha la karakana ya Ruphin mchapaji. Ukitaka jambo lako lifike Kipushi kabla ya adhuhuri, kaa pale, agiza kahawa, useme ni siri. Ruphin alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado asubuhi ile alitoka na kadi ya mwaliko mkononi, kwa sababu roho yake haikutulia ndani. Saa nne Chancelvie, bibi harusi, alikuwa anakuja kuiona. Akiipenda, Ruphin atachapa kadi zote za harusi. Akiikataa, kazi inakwenda kwa wachapaji wa mjini, naye anarudia risiti na matangazo ya msiba.

Chancelvie alikuwa amemwachia kipande cha lesi ya gauni lake, ile ambayo kwetu tunaiita dantele. Ruphin alilowesha kidogo karatasi nene ya pamba, akailaza dantele juu yake, akaibana kwenye mashine ya mkono. Ilipokauka, maua yote yalikuwa yamesimama juu ya karatasi, uzi kwa uzi. Chancelvie alitaka siku akiingia kanisani wanawake wamtazame, washike kadi zao, watambue ni maua yale yale. Sharti lake lilikuwa moja: bwana harusi asijue, maana haruhusiwi kuliona gauni kabla ya siku yenyewe. Kadi ataiona, haidhuru, alisema; wanaume hawajui dantele.

Alisahau kwamba aliyemshonea gauni anakunywa kahawa kwa Mama Rehema. Moustapha fundi cherehani, anayeitwa Kipimo, alifumba macho, akaipapasa kadi, akalitambua gauni.

— Hii iko robe yenyewe. Hata ile ua ya kwa bega iko.

Doudou, aliyebatizwa Ministre, yaani waziri, kwa sababu ya koti lake, alisema dantele peke yake ni umaskini. Kadi nayo iwe na shela, mgeni aifunue kwanza. Kipimo akadai vifungo nyuma, vile vidogo vya satini, thelathini, ili mtu asiifungue bila msaada wa shangazi. Ministre akafikiri, akaongeza mkia wa tuli, kile kitambaa chepesi cha wavu, mita mbili.

— Na nani atabeba hiyo invitation? akauliza Mama Rehema.

— Bantu babiri, Mama, akajibu Ministre. Moya anabeba invitation, moya anashika mukia nyuma.

Kipimo akaona kadi ya namna hiyo lazima itengewe kiti chake ukumbini, na sahani ya wali. Ruphin alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Tangu Jumatatu, alipoachiwa dantele, hakuwa amecheka.

Hapo akaja mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, akaomba nafasi. Wakasogea. Hawakumjua, ila kwenye benchi lile mgeni haulizwi jina kabla ya kikombe. Ministre akampa kadi, akamwamuru afumbe macho kama wengine. Yule bwana akatii, akapitisha kidole gumba polepole, kutoka ua hadi ua.

— Iko muzuri sana, akasema. Miye ni Kangwa, miye njo naoa. Nakuya kuongeza jina ya nkambo yangu wa Kasomeno kwa liste. Hii njo robe ya Chancelvie?

Ruphin akajua: bwana harusi ameshalipapasa gauni. Kipimo akawa anasoma kucha zake. Ministre akaanza kutafuta kitu mfukoni mwa koti. Ruphin alitaka kusema ni dantele ya pazia, lakini aibu ikampanda hadi masikioni.

Kangwa akawatazama mmoja mmoja, kisha akacheka taratibu.

— Basi, musiniambie. Nkambo haonaka tena, macho yake ilikufa. Ba-invitation yote, bantu njo banamusomeaka. Hii ataisoma yeye mwenyewe, na mukono. Siku ya ndoa atashika robe ya Chancelvie, njo yeye ataniambia.

Mama Rehema alimmiminia kahawa na kukataa malipo. Ruphin akafungua daftari la wageni, akamwuliza huyo nkambo, bibi yake, anaitwa nani, akaliandika jina lake juu kabisa, juu ya mchungaji na wakubwa wote.

Chancelvie alipofika, Kangwa alikuwa ameshaondoka. Aliishika kadi, akafumba macho, akaipapasa ua kwa ua. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na alikuwa anatabasamu.

— Chapa, Papa Ruphin. Chapa yote.

Kisha akavuta daftari apitie orodha ya wageni, akaona wino mbichi pale juu.

— Nkambo wa Kangwa? Nani alileta hii jina?

Kwa mara ya kwanza benchi zima likatunza siri: likainua vikombe, likanywa.